Nafasi ya Mishi

Ufuoni kwetu hakuna tena watalii wa kujaza hoteli. Wanaokuja ni matajiri wachache, na kila mmoja hupewa nyumba ya mwenyeji na nafasi ya mtu mmoja ndani yake: kitanda chake, kiti chake, hata jina lake. Mwenye nafasi hupelekwa bara mpaka mgeni aondoke. Ndiyo sheria.

Safari hii mgeni alichagua nafasi ya jirani yangu Mishi, mke wa Hamadi. Mwezi aliolipia mgeni ulipokwisha, Mishi akarudishwa. Alimkuta bintiye Mwanatumu barazani, akisukwa nywele na mwanamke wa kigeni aliyejifunga leso ya Mishi.

"Mwanangu, njoo kwa mama."

Mtoto alijibanza magotini pa yule mwanamke. Hamadi akatoka ndani, akashindwa kumtazama mkewe usoni.

"Ameongeza muda," alisema kwa sauti ya chini.

"Mpaka lini?"

Mwanamke yule akatabasamu kwa upole, akasogea kumpisha Mishi aketi.

"Karibu, dada," alisema kwa Kiswahili safi kabisa. "Umetoka mbali. Mwanatumu, mletee mgeni maji."

Mtoto akaleta kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofunzwa na Mishi kuwapokea wageni.