Picha ya Saba

Siku ya sikukuu ya mavuno watu wazima walitembea wakiangalia juu, kama kuku waliosikia mwewe.

Walikuwa wanatafuta picha kwenye miti. Mwaka uliopita Nicodemo, fundi rangi wa shamba la ngano, alichora picha saba kwenye vipande vya debe, akazificha huku na huku ili familia zishindane kuzipata. Kila picha ilionyesha ilipo inayofuata. Sita zilipatikana. Ya saba haikupatikana, na Nicodemo mwenyewe hakuonekana tena tangu jioni aliyokwenda kuificha.

"Ameenda Arusha kutafuta kazi," mkewe Kornelia aliwaambia watu. "Atarudi."

Mwaka huu mzee Bura, mtunza stoo, alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba familia itakayoleta picha ya saba itachukua cherehani. Juliana, binti ya Nicodemo, hakuwa na haja na cherehani. Alitaka kufika mahali baba yake alipokanyaga mwisho. Mtu hawezi kuondoka duniani kama moshi. Lazima kuna mahali alipogeukia.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuiona ile ya sita."

"Marahaba, mwanangu. Itazame mpaka uchoke. Migunga yote ya hapa imeshapandwa. Hata katekista kapanda, kanzu ikabaki juu."

Picha ilikuwa ya mgunga wenye shina lililogawanyika, na ndege juu yake. Juliana aliitazama mpaka watu nyuma yake wakaanza kuguna. Mkono ule aliujua. Ndio uliomfundisha kuchora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko.

"Mti huu haupo tena," alisema polepole. "Ni ule wa shamba la chini. Nilikuwa nampelekea baba uji pale. Katapila liliung'oa."

Baba yake mdogo, Alfredi, dereva wa trekta, akapiga kofi pajani. "Watu wanaparamia miti mwaka mzima, kumbe mti wenyewe umelala! Twende. Nikimkuta kaka huko, nampiga makofi kwanza, ndipo nimsalimie."

"Jua kali hili," Kornelia alisema. "Turudi nyumbani. Hiyo cherehani tutashonea nini?"

"Shemeji, wewe humtaki mumeo?"

Kornelia alivuta kitenge, akafunika kovu la shavuni. Zamani alikuwa anateleza kisimani mara kwa mara, anarudi jicho limevimba. Tangu mavuno yale hajateleza tena. Ila usingizi ndio ulimhama. Juliana, aliyelala naye chumba kimoja, alimsikia usiku akimjibu mtu: "Nakuja. Nimesema nakuja."

Wakaenda. Njia ilipita kwenye tuta la kaburi la babu Gidamis, ambalo matrekta yalikuwa yakilizunguka. Mtu wa ukoo hapiti pale mikono mitupu. Unachuma majani mabichi, unainama, unamwekea. Kornelia alizaliwa ukoo mwingine, lakini ndiye aliyemfundisha Juliana: ukimpita aliyelala bila kumpa majani, atakufuata mpaka ndotoni.

Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu isipokuwa ndani ya mtaro. Kornelia alishuka, akapanda na majani tele. Wote watatu wakaweka.

"Mama, mbona umechuma mengi hivyo?"

"Huko mbele hakuna kibichi," alijibu, akakaza mwendo.

Shamba la chini lilikuwa mabua matupu, yamenyooka mpaka miguuni mwa mlima Hanang. Upepo ukipita, yalichakacha kama watu wanaonong'ona nyuma ya mlango. Alfredi, ambaye njia nzima alikuwa na mzaha, akapunguza mwendo.

"Kipande hiki nimelima mwenyewe," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Kila nikifika hapa trekta inazima. Nikasema dizeli ina maji. Nikabadilisha dizeli, ikazima tena."

Juliana alimtazama. Baiskeli ya baba ilikuwa kwa Alfredi. Koti la baba lilikuwa mgongoni kwa Alfredi. Na sasa alikuwa anajifuta jasho, wakati upepo ulikuwa wa baridi.

"Mti ulisimama hapa," Juliana alisema.

Palikuwa na shimo lililofukiwa, basi. Alipapasa kwa miguu, akapiga magoti, akapekua udongo kwa vidole. Hakuna bati, hakuna alama, hakuna baba. Akajifuta macho kwa mkono wenye udongo.

"Usilie, mtoto wa kaka," Alfredi alisema. "Katapila haliachi gogo shambani. Linalisukuma pembeni. Yaone yale kule!"

Akakimbia mpaka kwenye lundo la magogo ukingoni mwa shamba, akiruka mabua kama kijana. Akalipata lenye shina lililogawanyika. Akaingiza mkono kwenye tundu mpaka begani.

"Nimeipata! Juliana, nimeipata!"

Alikuwa analia waziwazi, bila aibu, bati amelikumbatia kifuani. Juliana akaona haya kwa yale aliyoyawaza. Akakimbia akalipokea, akalifuta vumbi kwa gauni lake. Rangi ilikuwa mbichi kama ya jana. Mwanamke alisimama mlangoni mwa nyumba yao, anacheka, shavu lake halina kovu.

"Shemeji!" Alfredi aliita. "Njoo ujione! Kaka amekuchora wewe!"

Juliana akainua bati juu, akageuka kumwonyesha mama yake.

Kornelia hakuwa anatazama. Alikuwa ameinama peke yake katikati ya mabua, hatua chache kutoka pale mti uliposimama, mahali pasipo tuta wala jiwe. Majani mabichi yaliyobaki mkononi aliyaweka chini taratibu, kisha akayasawazisha kwa kiganja, kama mtu aliyezoea kuyaweka hapo.