Rufaa ya Timu ya Kamba

Zuena alipanda juu ya pipa la mafuta, akamnyooshea kidole mshindi.

"Yule si mtoto! Yule mtu mzima! Mvueni hiyo helmeti tuzione ndevu zake!"

Watu waliojaa kwenye uwanja wa ghala la korosho, pale Kibiti, wakashangilia kuliko walivyozishangilia mbio zenyewe. Ghala lilikuwa tupu tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, na sakafu ile pana ya saruji ilifaa sana kwa vigari. Vilikuwa vya kiti kimoja, vimekaa chini kama chura, na madereva walitakiwa wawe hawajafika miaka kumi na minane. Mshindi wa mbio hizi za mwisho wa msimu angepelekwa kushindana Zimbabwe. Zuena alikuwa ameshanunua koti la baridi la mtumba.

Timu ilikuwa yake. Alikuwa mnunuzi wa kamba huko Salale kwenye delta ya Rufiji, kamba wa kuliwa, si za kufungia mbuzi, na biashara ilipofunguka akaona heri aanzishe timu kuliko kuolewa tena. Akaiita Timu ya Kamba. Msimu wa kwanza kigari kilizima Morogoro, kikavutwa kwa kamba hadi mstari wa mwisho, na watu wa Dar wakalielewa jina kwa namna yao. Msimu wa pili dereva, mpwa wake Bushiri, aliparamia kibanda cha chipsi, akatoka na mayai kichwani, akaapa kurudi kwenye mpunga.

Msimu wa tatu Mungu akamletea Muharami. Zuena alimkuta Salale akipitisha boti la injini kwenye mikoko kama anayefukuzwa. Umbo dogo, kidevu laini, mpole.

"Una miaka mingapi?"

"Nimezaliwa mwaka wa mafuriko."

Rufiji haijawahi kupungukiwa na mafuriko. Zuena akachagua yaliyomfaa, akapata miaka kumi na saba, akaridhika.

Kijana hakuwa na makuu. Alimwita dada, wala si shangazi, jambo lililomfurahisha Zuena sana. Hakufukuzia wasichana, hakutaka soda. Kila baada ya mbio alishika kiuno, akaomba kahawa. Na alishinda: Tanga, Morogoro, kote.

Ilibaki Kibiti, nyumbani. Timu ya Dar ikaja na dereva mpya kabisa. "Feisal, mtoto wa Temeke!" kipaza sauti kikatangaza, vigari vikiwa tayari vinanguruma. Mpaka mzunguko wa mwisho Muharami alikuwa mbele. Kwenye kona ya choo akageuza kichwa, akamtazama yule wa Temeke, na kigari kikapunguza mwendo. Feisal akapita. Zimbabwe nayo ikapita.

"Umempisha!" Zuena alimkaripia kabla hajapanda pipa.

"Injini ilikohoa, dada."

"Atakayekohoa ni mimi! Umeona anavyokata kona? Mtoto hawezi vile. Nakata rufaa."

"Dada, tuache. Ameshinda kihalali. Twende zetu."

"Wewe bado mdogo, hujui watu walivyo."

Na sasa alikuwa juu ya pipa, Muharami akimvuta upindo wa kanga ashuke, yeye hasikii.

Msimamizi wa mbio, Bwana Abdulkarimu, aliyekuwa anawaza pilau lake, akawaita madereva wote wawili mezani. "Vueni helmeti. Anayelalamikiwa aanze."

Feisal akavua. Uso ulijaa chunusi, na aliposema "Shikamooni" sauti ilianza nene ikaishia nyembamba. Uwanja ukaangua kicheko. Hata muuza karanga mmoja akamhurumia Zuena.

"Mama, umeridhika?" Abdulkarimu akauliza. "Haya, na wa kwako avue, tumalize."

"Imekwama," Muharami akasema kutoka ndani ya helmeti.

"Haijakwama!" Zuena akashuka, akaishika kwa mikono miwili, akaivuta kama anayeng'oa muhogo. Ikatoka.

Feisal akaganda. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali, akasogea mbele ya Muharami, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba," akasema. "Mama anajua uko huku?"