Ndege wa Jumamosi

Simu ya Chepchumba ilipoingia, "Nimeshuka, napanda boda," Duop alinyakua ufagio akamfukuza ndege aliyekuwa akinywa maji kwenye karai.

"Haya! Nenda huko!"

Dada yake, Nyakong, aliacha kuchambua maharagwe akacheka. "Mwanaume mzima na ufagio, unapigana na kitu kidogo kama kidole. Amekukosea nini?"

"Ni dume."

"Na wewe ni nini?"

Duop aliurudisha ufagio mlangoni. Jamii mbili za ndege hao wadogo wa buluu hufanana mno, na majike wao hubishaniwa hata na wataalamu. Dume ndiye humaliza ubishi: wa jamii moja ana kichwa chote cha buluu, wa jamii ya pili ana doa jekundu kwenye kila shavu. Chepchumba, mwalimu wa biolojia kule Lodwar, ambaye humpa mwanafunzi sifuri kwa kuandika "nadhani", alitaka kujua ni jamii ipi inayokunywa katika kitalu cha miche cha Duop hapa Kakuma. Akishajua, hatakuwa na sababu ya kuja tena. Ndiyo maana, tangu mvua ziishe, kila Jumamosi alikuta majike tu.

Alifika na darubini shingoni, vumbi hadi kwenye kope, akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Duop. Leo nipe dume. Mkuu wa shule ameanza kuuliza kama kweli ninafuata ndege."

"Ukamwambiaje, Mwalimu?"

"Kwamba sayansi haina haraka."

Nyakong alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Wakakaa bega kwa bega nyuma ya miche ya mwarobaini. Akaja jike, akaja mwenzake. Duop akaanza kupumua vizuri.

Kisha dume akatua kwenye ukingo wa karai, karibu kabisa na miguu yao. Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama kucha za bibi harusi.

Ufagio ulikuwa mbali.

Chepchumba alitazama kwa darubini, akaishusha, akatazama kwa macho yake. Ndege akanywa, akapangusa mdomo, akaruka.

Duop alingoja hukumu.

"Jike mwingine," alisema Chepchumba, akifunika darubini. "Itabidi nirudi Jumamosi."