Chokaa ya Idd

Machano alikuwa amekwisha kupiga alama ya X nyekundu ya kubomolewa kwenye nyumba kumi na moja za mtaa ule, na zote zilikuwa tupu. Ya kumi na mbili ilikuwa na mwenyewe. Bi Mwanakheri, ajuza aliyejifunga kanga kiunoni, alisimama juu ya kigoda akipaka ukuta wa mbele chokaa, kama afanyavyo kila mwaka Idd ikikaribia.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa na manispaa."

"Marahaba. Nimeliona kopo lako la rangi." Hakugeuka. "Lakini chokaa bado mbichi. Ukipaka sasa, rangi itachuruzika mpaka chini, unitie aibu. Kaa kwanza ikauke."

Machano akakaa barazani. Ng'ambo ya njia, palipokuwa na duka la nazi, palisimama bango kubwa lenye picha ya ghorofa na watu wanaocheka. Bibi alimletea kahawa, naye akainywa bila kuinua uso.

Jua lilipopanda, bibi aliugusa ukuta kwa kiganja.

"Haya, umekauka. Paka."

Machano alipiga mistari yake miwili. Rangi haikuchuruzika.

"Hilo tingatinga," bibi aliuliza, "litakuja kabla ya Idd au baada?"

"Kabla, bibi."

Bi Mwanakheri akabeba kigoda chake mpaka ukuta wa ubavuni, akarudi kuchukua ndoo, akapanda, akachovya brashi, akaanza kupaka kutoka juu.