Njia Fupi ya Kukwepa Nkwaduaso

Kwa mujibu wa ramani ya Kwaku Nsiah, daraja la Nkwaduaso lilikuwa limevunjika. Daraja lenyewe halikuwa na habari. Malori ya kakao yalipita juu yake kila siku na mbuzi walilala chini yake, lakini ndani ya kompyuta ya Kwaku lilikwisha kuzama mtoni, na kompyuta ikishaambiwa jambo haina tabia ya kwenda kuchungulia.

Kwaku alikuwa mtaalamu wa ramani katika kampuni moja ya utalii mjini Kumasi. Aliiingizia mashine barabara, mito, vilima na mwendo wa magari, nayo ikamtolea njia ya kuwazungusha watalii kila mahali bila kupoteza hata dakika ya kujikuna. Jumamosi hiyo njia yake ingejaribiwa kwa mara ya kwanza, mkurugenzi mwenyewe akiwa ndani ya basi. Ikifana, Kwaku angekuwa mkuu wa kitengo.

Bahati mbaya mjomba wake, Mzee Boadu, hakuwa mtu wa kuangalia ratiba za watu. Alifariki Oktoba, akawekwa mochari kama ilivyo desturi ya huko, na ukoo ukapanga msiba wake kijijini kwao Nkwaduaso, Jumamosi hiyo hiyo ya Desemba. Kwa Waashanti, mtoto wa dada ndiye mfiwa hasa. Kwaku alitakiwa akae kiti cha mbele, amejifunga kitambaa cheusi, ashikane mikono na watu mia nane. Kuukosa msiba wa mjomba ni kujifuta katika ukoo, na udhuru unaosikilizwa ni mmoja tu: kuwa ng'ambo.

Udhuru huo alikuwa nao tayari. Miezi minane nyuma, mjomba alipoanza kuugua na watu wakaanza kuulizana nani atamuuguza, Kwaku alimpigia simu mama yake kutoka chumbani kwake Kumasi, akamwambia amepelekwa Hamburg, Ujerumani, kusoma. Mama alilia kwa furaha, akautangazia mji mzima. Tangu hapo kazi ya Kwaku ikawa moja: asionekane. Ndiyo maana daraja lilivunjika.

Saa moja asubuhi basi liliondoka. Madam Pinamang, mkurugenzi, alikaa mbele pamoja na dereva, Tanko, na Kwaku na kompyuta yake. Nyuma walikaa watalii sita, wazawa walioishi Ulaya miaka mingi, wamerudi kula Desemba yao nyumbani. Aliyewaongoza alikuwa bibi mmoja mnene, mwenye kofia pana na miwani ya jua. Aliinama akasoma beji kifuani mwa Kwaku, taratibu, kama mtu anayesoma hati ya kiwanja.

"Kwaku Nsiah," akasema. "Jina zuri."

Walipita Ntonso wakaona vitambaa vikipigwa chapa, wakapita Bonwire wakaona wafumaji. Kutoka hapo ramani ikawaingiza katika mashamba ya michikichi, basi likayumba huku na huku.

"Kaka, hii njia fupi mbona haiishi?" aliuliza Tanko.

"Daraja la Nkwaduaso limevunjika."

"Lini? Jana tu nimelipita!"

"Wewe Tanko, ni dereva au mhandisi?"

"Tanko, fuata mashine," alisema Madam Pinamang, ambaye alikuwa amelipia mashine hiyo na hakutaka kusikia maoni ya mtu aliyezaliwa na macho.

Kila walipopishana na gari la wafiwa, watu wamejaa ndani na nguo zao nyeusi na nyekundu, Kwaku aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Pole, mwanangu," alisema yule bibi. "Viatu hivyo vina tabu. Hebu niambie, ujuzi wote huu ulikwenda kuusomea Ulaya?"

Kwaku alimwona mkurugenzi akitega sikio. Kampuni ilipenda sana vijana waliojiinua wenyewe.

"Ulaya wapi, Mama! Hata Lome hapo Togo sijafika. Ndege mimi naiona ikipita juu tu. Kila kitu nimejifunzia Kumasi."

"Ahaa," alisema bibi, akaisoma tena ile beji.

Saa nane walikuwa wamekwisha kula samaki kando ya Ziwa Bosomtwe, na safari ilikuwa imekamilika saa mbili kabla ya kawaida. Siri ilikuwa ndogo tu: Kwaku alikuwa amefuta vituo vyote vya choo.

"Jumatatu hamia ofisi ya juu," Madam Pinamang alimwambia, akimpiga bega. Kwaku alihisi moyo wake ukitulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Hakuna mtu wa Nkwaduaso aliyemwona.

Wageni waliomba dakika tano za choo, za kwanza tangu asubuhi, wakaenda na mifuko yao. Walipotoka, wote sita walikuwa wamevaa nyeusi na nyekundu.

"Tuna msiba saa kumi," bibi alimweleza mkurugenzi. "Ndiyo maana tuliwachagua nyinyi, mlisema mnamaliza mapema. Mtushushe Nkwaduaso."

"Daraja..." alianza Kwaku.

Bibi alikunjua bango la msiba. Juu palikuwa na picha ya Mzee Boadu. Chini yake, kama ilivyo desturi, palikuwa na majina ya wapwa, kila mmoja na mahali anapoishi. Kidole chake kilitua kwenye jina la kwanza: Kwaku Nsiah, Hamburg.

"Mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha wana Nkwaduaso kule Hamburg," alisema, akivua miwani. "Miezi minane, mwanangu, kila Jumapili, mama yako hunipigia simu kuniuliza kama umeshapata koti la baridi."