Usingizi wa Bi Mechtelt

"Shoga, umeanikwa!"

Lysbeth alikuja mbio kando ya mfereji, kofia yake nyeupe imemwendea kisogoni. Bi Mechtelt alikuwa amepiga magoti akisugua kizingiti chake, mara ya pili asubuhi ile. Akainua uso.

"Govert amekuchora umelala mezani kama gunia la turnipu. Mdomo wazi! Mbwa anakula pai yako, paka yumo kabatini, pipa la bia linamwagika, na wewe unakoroma. Nusu ya mji wa Haarlem iko dirishani kwake inacheka."

"Una hakika ni mimi?"

"Chunjua la kidevuni lipo. Hata kivuli chake kakitia, mshenzi yule."

Govert, jirani yao, kazi yake ilikuwa hiyo. Alichora nyumba zilizovurugika, na wenye nyumba safi walizinunua picha hizo wakazitundika ukutani, wapate kuwaonyesha binti zao: usije ukawa kama huyu. Wanawake wa mtaa ule waliogopa brashi yake kuliko tauni. Wiki mbili nyuma Bi Mechtelt alikwenda kumkemea kwa tabia hiyo hiyo. Alikemea siku tatu mfululizo, na kila jioni alitoka akipiga miayo.

"Na uteuzi ni Alhamisi," Lysbeth alisema kwa sauti ya msibani.

Hapo ndipo palipouma. Bi Mechtelt alikuwa anautaka usimamizi wa nyumba ya yatima, aje kuwa yule mama anayeshika funguo za ghala la chakula. Watoto wa humo walikuwa wamekonda mpaka soksi haziwakai miguuni. Wakubwa wa nyumba, mabwana watano wenye kola pana na mashavu mapana zaidi, walikutana kila Alhamisi kulisikitikia jambo hilo, huku wakila chaza na kunywa mvinyo mweupe. Jina la Bi Mechtelt wameshalikataa mara mbili. Hawakusema kwa nini.

"Twende tukaichane hiyo picha," Lysbeth alisema. "Mimi nashika, wewe unakata."

"Acha, mwenzangu. Mungu anaona."

Lysbeth akamtazama kwa huruma. Miaka ishirini ya ujirani, hajawahi kumwona mpole namna ile.

Jumatano picha ikanunuliwa, na aliyeinunua ni bwana Diderik, mkubwa wa wale watano. Akaitundika juu ya meko ya chumba cha mkutano. Lysbeth alipoleta habari hiyo, leso ilikuwa imeshalowa.

Alhamisi Bi Mechtelt akaitwa. Mabwana waliitazama picha, wakamtazama yeye, wakarudi kwenye picha.

"Ni wewe huyu, mama?"

"Ni mimi, bwana." Akainamisha kichwa. "Nikishakula kidogo, macho hayanitii. Hata mkihamisha nyumba nzima, siamki."

Bwana mnene kuliko wote akakohoa ndani ya kola yake.

"Mama aliyemaliza muda wake alikuwa hodari," alisema kwa huzuni. "Hodari mno. Alikuwa anapima siagi."

"Asubuhi na jioni," mwenzake akaongeza.

"Alinifuata mimi mpaka mlangoni," alisema wa tatu, "akaniuliza nimebeba nini chini ya joho. Mimi!"

Wakatikisa vichwa kwa pamoja. Kisha bwana Diderik akainuka, akampa Bi Mechtelt funguo kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Karibu, mama. Hapa kwetu utapumzika."

Bi Mechtelt alizifunga funguo kiunoni, akatoka akijikokota kama mgonjwa hadi kona ya mfereji. Alipoipita kona, mgongo ukanyooka na miguu ikapata haraka. Aliingia kwa Govert kwa mlango wa uani, bila hodi, akamwekea mezani bata mzima wa kuchoma.

"Na wewe ulivyokuwa unaona haya kunichora hivyo," alisema. "Nilikuambia, bwana mdogo: ukinichora mdomo umefungwa, hawanunui."