Mikono ya Jinamizi

Kimya alipiga chafya, na papo hapo, kwenye skrini, Jinamizi akajigonga ukutani.

"Utaniua, mdogo wangu!" kaka yake alilalamika kutoka kwenye kiti cha magurudumu. "Umenishtua mpaka kidole kimeteleza."

"Samahani, kaka." Kimya alirudisha mikono ndani ya shuka alilojifunika magotini. Binti huyu alikuwa mwepesi wa kuhisi baridi.

Mama yao alicheka. Tangu mwanawe wa kiume aanguke akibadilisha balbu na kuumia uti wa shingo, miezi minne sasa, nyumba hii ilikuwa imesahau kicheko. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji. Jinamizi alikuwa wake: shujaa wa vitabu vya picha anayewawinda wauaji, na kila anapoua husahau jina la mtu mmoja anayempenda. Vitabu kumi na moja vilitoka. Cha kumi na mbili, cha mwisho, kilikatikia ukurasa wa nne. Sasa Jinamizi amegeuzwa mchezo wa video wa kupiga risasi, na aliyemchora hawezi kushika hata kijiko.

Hawezi, mpaka wiki hii. Mtaalamu wa viungo alikuwa amewaambia wazi: "Mkono wa kulia usiposogea kufikia Ijumaa, tusidanganyane." Jumatatu Kimya akamwekea kaka yake rimoti ya mchezo mkononi, akaizungushia bandeji isianguke. Jumanne Jinamizi akapiga hatua moja. Leo, Alhamisi, alikuwa anapanda ghorofa mbio kama mwizi.

"Mbona huyo Jinamizi mwenyewe simwoni?" mama aliuliza.

"Humwoni, mama. Mchezo wa aina hii, wewe ndiye yeye. Unachoona ni mikono yake tu." Alizungumza akitazama mbele, kola ya shingo haikumruhusu kutazama kwingine. "Nageuka kushoto. Huyu namwacha apite... Sasa piga! Mmoja huyo!"

Tangu utotoni hakuweza kucheza bila kutangaza kama mtu wa redio. Na Kimya akililia zamu, alikuwa anapewa rimoti iliyokatika waya, naye anabonyeza kutwa nzima, akiamini kila risasi ni yake.

"Unakumbuka, Kimya? Ulivyokuwa unanitambia! 'Nimekushinda, nimekushinda!'"

"Nakumbuka," Kimya alijibu. Hakubandua macho kwenye skrini.

Asubuhi ile mama alikuwa amempigia simu mhariri wa vitabu vyake, akamwambia kwa kujidai kwamba kitabu cha mwisho kitachorwa, na mwenyewe, si mtu mwingine. Kesho mtaalamu atakuja kujionea. Lililobaki ni betri zisije zikamtia mwanawe aibu mbele ya mgeni.

Akatoa betri mbili mpya mfukoni mwa aproni, akachuchumaa kando ya kiti. Hakutaka kumkatiza. Akalegeza bandeji taratibu, akaichomoa rimoti. Vidole vilimwangukia kiganjani kama vya mtoto aliyelala.

"Nageuka kulia," mwanawe alikuwa anasema. "Yupo nyuma ya mlango, namjua, nilimchora mwenyewe. Ngoja... ngoja kwanza..."

Mama akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani hamkuwa na betri. Palikuwa na springi mbili tu, zimeshika kutu.

"Piga!"

Shuka lilicheza magotini mwa Kimya; juu ya kichwa cha mama, kwenye skrini, bunduki ililia, na nyuma ya mlango mtu akaporomoka.

"Umekiona kidole hicho, mama?"